Harusi Bila Wimbo

Nyumbani hakuna aliyetaka kuangalia filamu na Mwongozaji. Jina hilo alipewa na kaka yake siku aliporudi na shahada ya utengenezaji wa filamu, na tangu siku hiyo hakuwa ameongoza kitu chochote isipokuwa ugomvi wa sebuleni.

"Angalieni," alisema Jumapili moja, akinyooshea televisheni kijiko. "Mama wa watu amekaa kitini anakunywa maji. Kamera inatikisika ya nini? Aliyeishika anakimbizwa na mbwa?"

"Tuache tuangalie," Kaka alisema.

"Haya, sasa tumepanda angani. Mtu anakwenda dukani kununua chumvi, sisi tunamtazama kutoka mawinguni. Kwa nini?"

"Kwa sababu wao wana droni na wewe huna."

Mama alicheka mpaka chai ikamwagikia sahani. "Mimi nataka kujua kama mume wake atarudi," alisema. "Atakayenyamaza mpaka mwisho nitamkaangia yai."

Mwongozaji hakulipata yai hilo. Alikuwa na mengi moyoni. Alichukia matukio yanayopigwa gizani mpaka mtazamaji anajiona mwenyewe kwenye kioo cha televisheni. Alichukia waigizaji wanaonong'ona kama wanaogopa kumwamsha mtoto, halafu mlango unafungwa na nyumba nzima inaruka. Alichukia picha zinazokatwa kabla jicho halijatua, na ule mwendo wa polepole ambao hata kufungua friji kunageuzwa kuwa msiba. Zaidi ya yote alichukia muziki. Alisema siku hizi wimbo unaanza kulia kabla ya mwigizaji, na mtazamaji anaamriwa ahuzunike kabla hajajua nani kafa.

Hakuwa anajidai tu. Aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba mtu yeyote akitazamwa vya kutosha, kwa utulivu, bila mapambo, lazima atapendwa. Aliona filamu nyingi za sasa kama watu wasiowaamini wenzao. Alitaka kutengeneza moja tu inayoamini.

Nafasi ilikuja pale Mama Mdogo alipotangaza kwamba anaolewa.

Mama Mdogo alikuwa katibu katika ofisi ya mawakili, mwanamke nadhifu, mwenye viatu vya kisigino na kicheko cha chini. Ukoo ulikuwa umeacha zamani kumuuliza habari za ndoa. Siku hizi waliishia kumwita "maskini" akishaondoka. Yeye ndiye aliyempa Mwongozaji kamera, zawadi ya kumaliza chuo. Na sasa alikuwa anaolewa na Mwalimu, mgane aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, mtu mrefu, mpole, aliyeishi mtaa wa nyuma.

"Nataka kama ile ya binti wa jirani," Mama Mdogo alisema. "Maua yanaanguka polepole, mimi nageuka polepole, halafu wimbo."

"Mama Mdogo, ile ilikuwa kama tangazo la sabuni."

"Basi mimi nataka tangazo la sabuni."

"Nitakutengenezea kitu cha kweli. Utaona. Watu watakutazama wewe, siyo maua."

Mama Mdogo alikunja midomo, akafikiri. "Lakini wimbo utaweka?"

"Niamini."

"Hata mmoja tu?"

"Mama Mdogo, jamani!"

"Haya, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Asubuhi ya harusi Mwongozaji alifika mapema, kabla ya wapambaji. Alimbana Mama Mdogo kinasa sauti kidogo ndani ya lesi ya gauni, kifuani, na betri yake akaifunga kiunoni kwa utepe, ili baadaye, wakati wa kula kiapo, asije akamsumbua bibi harusi mbele ya watu. Akakiwasha papo hapo ili asisahau. Kisha akatoka, akasimama kwenye ujia, akapiga picha kupitia mlango ulioachwa wazi nusu.

Mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri kupita kiasi. Mama Mdogo alikaa akiupa mlango mgongo. Mama alisimama nyuma yake, pini zikiwa mdomoni, akiibana shela kwenye nywele. Vichwa vyao viliinama pamoja. Waliongea kwa sauti za chini kama dada wanavyoongea, na mkono wa Mama ulipanda, ukashuka, ukapanda tena. Mwongozaji alizuia pumzi. Kamera haikutikisika hata kidogo.

Baadaye, nje ya nyumba, alimkuta Mwalimu amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ukuta, akisubiri. Alidhani hakuna anayemwona. Alitoa leso, akailowesha kwa mate, akafuta kiatu cha kulia, akakitazama, akafuta cha kushoto. Alipoinua kichwa na kuiona kamera alicheka, akaficha leso nyuma ya mgongo.

Vipande hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa moyo wa filamu. Kwenye meza ya chumbani kwake, mbele ya kompyuta iliyokuwa ikiunguruma kwa joto, Mwongozaji alivipanga vifuatane: shela, kisha kiatu. Wawili waliojiandaa kwa ajili ya kukutana. Hakuweka wimbo. Chini ya picha alilaza sauti ya kile kinasa sauti, kwa sababu kilikuwa kimenasa vitu ambavyo wimbo wowote usingeweza kuvitoa: mlio mdogo wa lesi, pini ikigonga pini, pumzi ya bibi harusi. Spika za kompyuta zilikuwa ndogo kama vifungo vya shati, na maongezi ya dada wale wawili yalitoka humo kama mnong'ono tu, kama maji yanayopita kwenye bomba la jirani. Aliupenda mnong'ono ule. Aliurudia mara nyingi. Macho yake yalikuwa kwenye mwanga.

Kaka alipita na taulo shingoni, akachungulia. "Hapa panahitaji wimbo."

"Hapa panahitaji watu wenye subira."

"Hao huwa hawaalikwi harusini," Kaka alisema, akaenda kuoga.

Filamu ilionyeshwa sebuleni kwa Mwalimu, Jumapili alasiri, mapazia yakiwa yamefungwa kuzuia jua. Kaka alikuwa ameazima spika mbili kubwa kwa rafiki yake anayepiga muziki kwenye sherehe, akazisimamisha kama walinzi pande zote za televisheni. Mama Mdogo alivaa gauni jipya, akawa anapita na chai na biskuti, akiitwa "bibi harusi" na kila mtu. Mama alikaa karibu na dirisha. Dada yake Mwalimu, mwanamke mnene mwenye maneno, alichukua nusu ya kochi, na majirani wawili wakajibana kwenye nusu iliyobaki. Mwalimu alikaa kiti cha mbele kabisa, miwani puani, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Filamu ilianza. Lango la nyumba. Viatu vimepangwa kizingitini. Kimya.

"Spika zimekufa?" dada yake Mwalimu aliuliza.

"Hazijafa, shangazi," Kaka alisema. "Ndiyo sanaa yenyewe."

Watu wakacheka. Jirani mmoja akasema labda wimbo umechelewa kama wageni wengine. Mwongozaji naye alicheka, lakini mashavu yalimwaka moto. Alitaka waisikie ile lesi. Alitaka waelewe kwamba kimya hiki hakikuwa kitupu.

"Subirini," alisema. "Sikilizeni vizuri."

Akachukua rimoti, akaongeza sauti. Mlango ukatokea, nusu wazi. Akaongeza tena.

Mgongo wa Mama Mdogo, shela, mkono wa Mama ukipanda na kushuka. Sebule ilijaa mlio wa lesi, na pumzi, kubwa, ya karibu, kana kwamba bibi harusi alikuwa amekaa katikati yao wote. Hata dada yake Mwalimu alinyamaza. Mwongozaji aliuona ukimya ule, akafurahi.

Kisha sauti ya Mama ikatoka kwenye spika zote mbili, safi kabisa, na pini mdomoni: "Mbona umenyamaza? Unafikiria nini?"

Na ya Mama Mdogo: "Dada, simpendi yule mzee."

Pini ikagonga pini.

"Ni mtu mzuri. Hana neno baya. Lakini simpendi, nikuambie ukweli. Nimechoka tu kula peke yangu."

Mwongozaji alibonyeza rimoti. Alibonyeza kitufe kisicho chenyewe, na sauti ikapanda badala ya kushuka. Picha ikakatika, pale pale alipoikata kwa mkono wake na kwa fahari yake, na Mwalimu akatokea kwenye kioo, kwenye kiti cha plastiki, analowesha leso kwa mate. Akafuta kiatu cha kulia. Akakitazama. Akafuta cha kushoto. Akainua kichwa, akacheka na watu wote waliokuwa sebuleni.

Alikuwa amekiacha kipande hicho kirefu. Alikuwa amekataa kukata kabla jicho halijatua.

 Mama aliutazama ukuta. Mama Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na trei ya vikombe. Dada yake Mwalimu alijiinua kochini, akafunga mtandio wake.

"Sawa, wifi," alisema. "Tumesikia."

"Kaa, dada," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Bado haijaisha."

"Mimi imenitosha."

Alitoka, na majirani wakamfuata wakiaga kwa vichwa. Mama Mdogo aliipeleka trei jikoni. Mwalimu alibaki pale alipo, akaiangalia harusi yake mpaka mwisho: kiapo, pete, wageni wakila, watoto wakilala kwenye mapaja ya mama zao. Mwongozaji alisimama kando na rimoti mkononi. Hakuthubutu kuizima wala kumtazama. Kila picha ndefu aliyoipigania ilimpita kama mtu anayetembea makusudi polepole mbele ya mwenye haraka.

Jikoni alimkuta Mama Mdogo akiosha vikombe visivyotumika.

"Mama Mdogo."

"Chukua kitambaa, futa."

Akachukua kitambaa. Alifuta kikombe kimoja muda mrefu. "Sikusikia," alisema. "Naapa sikusikia. Kwenye spika za kompyuta ilikuwa mnong'ono tu. Mimi nilikuwa naangalia mwanga."

"Ulikuwa unaangalia mwanga."

"Ndiyo."

"Nilikuomba wimbo," Mama Mdogo alisema. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. "Sikukuomba kingine. Wimbo mmoja tu. Ukaniona mshamba."

"Sikukuona mshamba."

"Uliniona. Na mimi nikakubali, nikasema mtoto amesoma. Nimekaa ofisini na mawakili nusu ya maisha yangu, sijawahi kutoa neno la mtu nje. La kwangu umelitoa wewe, tena kwa spika za disko."

Mwongozaji alilia. Alipoona kulia hakusaidii mtu alijifuta kwa kitambaa cha vyombo, na wazo likamjia haraka, kama wazo linalomjia mtu anayezama.

"Naweza kulitengeneza," alisema. "Sikiliza. Wakati wa chakula ulimbeba mtoto wa jirani, ukasema, nampenda sana huyu, asiniache. Ninayo hiyo sauti, imetoka vizuri. Nikiikata nikaiweka baada ya yale maneno, itakuwa kama uliendelea. Kama ulikuwa unamtania Mama. Nitamwambia Mwalimu kuna kipande nilisahau. Hakuna atakayejua. Hata mwalimu wangu wa chuo hatajua."

Mama Mdogo alifunga bomba. Alimgeukia, akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu maneno yale yasikike, akamtazama sana.

"Wewe," alisema. "Wewe uliyekataa wimbo."

Alifungua bomba tena. Mwongozaji aliweka kikombe juu ya kingine, akatoka. Aibu ya sebuleni ilikuwa imemchoma usoni. Hii ilishuka chini zaidi, mahali asipoweza kupafikia kwa machozi.

Sebuleni Mama na Kaka walikuwa wamekwenda nje kutafuta gari la kubeba spika. Mwalimu alikuwa peke yake, amevua miwani. Mwongozaji alipiga magoti, akaanza kukunja nyaya.

"Pale ulipokata," Mwalimu alisema. "Kutoka kwa mama yako mdogo kuja kwangu. Yeye alikuwa bado anasema?"

Mkono wa Mwongozaji ulisimama. Mwalimu aliuliza kwa upole, kama alivyouliza kila kitu, na ndani ya upole ule kulikuwa na nafasi, pana kabisa, ya uongo mmoja mdogo kupita. Hakuhitaji hata kompyuta. Angesema tu, ndiyo, aliendelea, alisema anatania. Na ni kweli kulikuwa na kipande kilichobaki baada ya pale alipokata. Mnong'ono ule wote alikuwa ameusikia mara nyingi mno. Na sasa, baada ya spika zile kubwa kumfunulia mwanzo wake, mwisho nao ulimfunukia masikioni, neno kwa neno.

"Alikuwa bado anasema," alijibu.

"Alisema nini?"

"Mama alimwambia, utazoea. Halafu yeye..." Alizungusha waya kiganjani. "Halafu aliuliza kama rangi ya mdomo imemshika kwenye meno. Basi. Hakuna kingine, Baba Mdogo."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo. Alikuwa akimwita Mwalimu kama mtaa mzima, na sasa jina la heshima lilimtoka siku ambayo hakuwa na uso wa kulitamka.

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu. "Ilikuwa imemshika?"

"Hapana."

"Ahaa."

Alifuta miwani kwa pindo la shati. Leso ile ile pengine ilikuwa mfukoni, lakini hakuitoa. "Mke wangu alipofariki," alisema, "nilianza kula nimesimama. Pale jikoni, karibu na jiko, sufuria mkononi. Unajiambia, meza ya nini, mtu mwenyewe mmoja." Alivaa miwani. "Mimi niliambiwa na mtu kwamba mama yako mdogo ananipenda. Sikumbuki ni nani. Labda hakuna aliyeniambia. Labda nilidhani tu, kwa kuwa gauni lilikuwa jeupe."

 Mwongozaji alishika waya.

Mwalimu aliinuka kwa kusaidiwa na mikono ya kiti, akaenda jikoni. Mlango ulibaki wazi nusu. Kutoka pale alipopiga magoti, Mwongozaji aliona kipande cha meza, kiwiko cha Mama Mdogo, mgongo mrefu wa Mwalimu ukiinama kuvuta kiti. Mwanga wa jioni uliingia ubavuni. Hakuna kilichotikisika. Ilikuwa picha ambayo angeisubiri mwaka mzima.

"Nimesikia," sauti ya Mwalimu ilisema.

Mwongozaji aliruka juu, akavuka sebule kwa vidole vya miguu, akauvuta mlango mpaka ukafunga. Alishikilia kitasa, akakilegeza polepole ili kisilie. Kisha akatoka nje, akawasaidia Kaka na Mama kubeba spika, na hakuna aliyemwita Mwongozaji.

Hawakumwita hivyo wiki hiyo yote. Waliangalia televisheni pamoja, na kamera ikatikisika, na watu wakanong'ona gizani, na droni ikapanda juu ya nyumba isiyo na sababu ya kutazamwa kutoka juu.

"Husemi kitu?" Kaka aliuliza hatimaye, kama anayebisha hodi.

"Naangalia tu."

Mama alimkaangia yai. Alimsogezea Kaka sahani.

Kisha Mama Mdogo akapiga simu. Alisalimia, akauliza afya, akakohoa.

"Mwalimu anauliza filamu yake iko wapi."

"Mnaitaka?"

"Harusi ni yetu, tusiitake kwa nini? Weka wimbo."

"Nitaweka. Na maua?"

"Na maua. Polepole." Nyuma yake ulisikika mlio wa sahani zikiwekwa mezani, na mtu akiuliza chumvi iko wapi. "Hapo hapo mbele yako," Mama Mdogo alimjibu huyo mtu, kisha akarudi kwenye simu. "Halafu ile ya kiatu usiitoe. Amesema ibaki."

"Sawa, Mama Mdogo." Alibana simu sikioni. "Mama Mdogo, nisamehe."

 Upande wa pili kijiko kiligonga sahani.

"Weka wimbo kwanza, mwanangu," Mama Mdogo alisema, na simu ikakatika.

Mwongozaji alifanya kazi ile kama hakuwahi kufanya nyingine. Alimuuliza Mama wimbo ambao mdogo wake aliupenda usichanani, akautafuta mpaka akaupata. Aliyaangusha maua polepole. Alimgeuza bibi harusi polepole, na shela ikapepea kama kwenye tangazo la sabuni, na ilipendeza, hakuweza kukataa. Kwenye kiatu cha Mwalimu hakupunguza mwendo wala hakukata mapema.

Sauti ya kinasa sauti aliifuta yote, ya asubuhi mpaka usiku, na nakala yake pia, pamoja na yule mtoto aliyependwa sana wakati wa chakula.

Alipomaliza alimwomba Kaka amwazimie tena zile spika kubwa. Aliziweka chumbani, moja kila upande wa kitanda, akafunga mlango, akafungulia sauti mpaka vioo vya dirisha vikatetemeka. Wimbo ulianza kulia kabla hata lango la nyumba halijafunguka. Aliuacha ulie. Hakuangalia mwanga. Alifumba macho, uso ukimwaka, akasikiliza filamu yote mpaka mwisho, akitega sikio chini ya ule wimbo, kuhakikisha hapakuwa na neno la mtu.